Wakati Umekaa Ndani ya Kitenzi: Hotuba kwa Wanaojifunza Kiingereza, Ujiji, Kigoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wa Ujiji mliotupa ukumbi huu, walimu wenzangu, na ninyi waongoza watalii, waendesha boti, wahudumu wa nyumba za wageni na mama zangu wa dagaa na mawese mlioacha biashara zenu mchana huu: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya maneno ya Kiingereza yanayotaja wakati, pamoja na msamiati unaomwezesha mtu kukaa na mwenzake wakazungumza. Nilipopewa mada hii, orodha ilinijia kichwani yenyewe: "yesterday", "today", "tomorrow", "always", "sometimes", "never". Orodha hiyo nimeiandika ubaoni kwa zaidi ya miaka 30, wanafunzi wakaikariri, wakafaulu mtihani, kisha wakashindwa kumweleza mgeni boti inaondoka lini. Kwa hiyo leo sitaandika orodha. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ambalo wazee wachache humu ndani wanalikumbuka kuliko ninavyopenda.

Nilipokuwa bado mgeni katika ualimu, msafiri mmoja aliyetaka kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, aliniuliza boti aliyokodi ingeondoka saa ngapi. Nahodha alikuwa ameniambia saa mbili asubuhi. Nikamjibu kwa sarufi isiyo na doa: "The boat leaves at two tomorrow." Akanishukuru, tukaagana. Kesho yake nahodha alisubiri mpaka saa tatu, akachoka, akaondoka na abiria wengine. Naye yule msafiri akafika Kibirizi, zinakoondokea boti, saa nane mchana, mkoba mgongoni, akiwa na hasira ambayo hakujisumbua kuificha. Kitenzi changu kilikuwa sahihi na matamshi yangu yalikuwa mazuri. Nilichokosea ni neno moja la wakati, na neno hilo moja lilimgharimu mtu siku nzima.

Sisi Waswahili tunahesabu saa tangu kupambazuka, na tena tangu jua kutua, ilhali Waingereza wanahesabu tangu usiku wa manane na tangu katikati ya mchana. Tofauti ni saa sita kamili, na hakuna haja ya kufanya hesabu kichwani mbele ya mgeni: tazama saa ya mishale, soma namba ambayo mshale mfupi unaielekea, na hiyo ndiyo saa ya Kiingereza; namba iliyo mkabala nayo, ng'ambo ya pili ya duara, ndiyo saa yetu. Mshale ukiwa kwenye 8, sisi tunasema saa mbili na wao wanasema "eight o'clock". Kisha ongeza "in the morning", "in the afternoon", "in the evening" au "at night". Angalieni hicho kihusishi: asubuhi, mchana na jioni vinachukua "in the", lakini usiku unachukua "at" peke yake. Msiniulize sababu, kwa maana hata Mwingereza ukimuuliza atakwambia kwamba ndivyo alivyosikia kwa mama yake.

Wala msidhani kwamba hesabu yetu ni ya ajabu. Warumi wa kale nao walianza kuhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, na neno "noon" ambalo leo kwa Kiingereza ni saa sita mchana limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya tisa, yaani saa ya tisa tangu mapambazuko; baadaye matumizi yake yakasogea nyuma mpaka yakafika katikati ya mchana. Ndiyo maana msomaji wa Injili kwa Kiswahili, akikuta saa tisa katika habari ya kusulubiwa kwa Yesu, anaelewa palepale kwamba ni alasiri, wakati Mwingereza anayesoma "the ninth hour" hana budi kufafanuliwa.

Hapa Kigoma jambo hili lina mkunjo wa ziada, ambao ndugu zetu wa Dar es Salaam hawaujui. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita mbali baharini, nasi tuko karibu na nyuzi 30. Kwa sababu hiyo jua letu linachelewa kwa takriban saa nzima, na saa kumi na mbili ya asubuhi hapa kwetu kungali giza. Majirani zetu wote wa ziwani, yaani Burundi, upande wa pili wa Kongo, na Zambia kule Mpulungu, wanatumia saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja. Mfanyabiashara wa Bujumbura au wa Kalemie akikwambia kwa simu "nine o'clock", usikate simu kabla ya kumuuliza "Is that your time or ours?" Sentensi hiyo ndogo iwekeni mdomoni leo hii.

Mpaka wa siku nao ni mtego. Mzee wa hapa Ujiji akikualika kwenye maulidi usiku wa Ijumaa, unajua ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa kwetu usiku hutangulia mchana wake. Ukimtafsiria mgeni "Friday night", atakuja usiku unaofuata na kukuta mikeka imekunjwa. Mwambie "Thursday night".

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Watu wengi hudhani kwamba Kiswahili kina uhaba wa vielezi vya wakati kwa sababu wakitafuta tafsiri ya "already", "yet", "usually" au "ever" hawapati neno linalosimama peke yake. Uhaba huo haupo. Wakati wetu umekaa ndani ya kitenzi. Ndugu zetu Warundi wanatuonyesha jambo hili waziwazi zaidi, kwa kuwa neno lao "ejo" lina maana ya jana na pia kesho, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kitenzi kilicho jirani kinasema ni ipi kati ya hizo mbili. Kiingereza kimetoa sehemu kubwa ya mzigo huo ndani ya kitenzi na kuuweka kwenye vineno vidogo vilivyo kando. Mtu anayejifunza vitenzi vya Kiingereza akaviacha vineno hivyo amebeba mfuniko na kuacha chungu.

Tuanze na "-sha-". Ukisema "boti imeshaondoka", lile "-sha-" ndilo "already": "The boat has already left." Ukisema "boti haijaondoka", ile "-ja-" ndiyo "yet", na Mwingereza huitupa mwisho wa sentensi: "The boat hasn't left yet." Katika swali la kawaida pia tumia "yet": "Have you eaten yet?" Ukiuliza "Have you eaten already?" utaeleweka, lakini mwenzako atasikia mshangao ndani yake, kana kwamba unasema, kumbe umeshakula, mapema yote hii? Kwa mhudumu wa hoteli anayemuuliza mgeni, tofauti hiyo si ndogo.

Neno "bado" ndilo linalowatesa wanafunzi wangu kuliko yote, na nitakaa nalo kidogo. Mtu akikuuliza kama umekula nawe ukajibu "bado", jibu hilo kwa Kiingereza ni "Not yet". Ukisema "bado nakula", hilo ni "I'm still eating". Kondakta anayepiga kelele "bado mmoja!" hasemi "still one", anasema "One more!" Na ukisema "bado dakika tano", Mwingereza angesema "five minutes left". Neno moja la Kiswahili, njia nne. Kanuni inayosaidia ni kutazama kama jambo linaendelea au halijaanza: linaloendelea linachukua "still", lisiloanza linachukua "not yet". Ipo pia sentensi ya tatu, "He still hasn't come", ambayo kwa maneno ina maana ileile ya "He hasn't come yet", lakini imebeba lawama, kama vile sisi tunavyosema "mpaka sasa hajafika!" huku tukitazama barabara. Itumieni kwa uangalifu mbele ya mteja.

Tukiingia kwenye "hu-", mambo ni mepesi kidogo. "Dagaa huvuliwa usiku" ni "Dagaa are usually caught at night". "Usually", pamoja na wenzake "always", "often", "sometimes" na "never", hukaa kabla ya kitenzi kikuu, lakini baada ya "am", "is" na "are": "I always wake up early", ila "I am always tired". Sisi tumezoea kuweka vielezi mwisho, kwa hiyo mnasikia watu wakisema "I wake up early always", na ingawa wanaeleweka, wanasikika kama mtu aliyevaa kofia mguuni. Kuhusu "never", tambueni kwamba ukanusho umo ndani yake tayari. Sisi tunasema "sijawahi kamwe", ukanusho juu ya ukanusho, na kwetu ni sahihi; Kiingereza cha darasani na cha ofisini kinataka mmoja tu: "I have never seen it."

Nimetaja "kuwahi", na hapo ninataka waongoza watalii mnisikilize. Kitenzi hiki kwetu kina maana ya kufika mapema, lakini pia ndicho tunachokitumia kuulizia maisha ya mtu: "Umewahi kuona sokwe?" Kiingereza chake ni "Have you ever seen a chimpanzee?" Hakuna swali linalofungua mazungumzo na mgeni kwa urahisi kuliko lenye "ever", kwa sababu linamkaribisha mtu asimulie. Akijibu "Never", umepata nafasi ya kueleza; akijibu "Yes, once", umepata nafasi ya kuuliza wapi na lini.

Akikutajia lini, sheria inabadilika. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "amefika jana" bila kosa. Kiingereza hakiruhusu "He has arrived yesterday". Mara tu siku iliyopita inapotajwa kwa jina, "has" na "have" hukimbia: "He arrived yesterday." Na jana usiku ni "last night", wala si "yesterday night"; leo asubuhi ni "this morning", na leo usiku ni "tonight". Kesho asubuhi, kwa bahati njema, ni "tomorrow morning" vilevile inavyosikika.

Waongoza watalii husimulia historia, na historia haisimuliwi bila "ago", "since" na "for". "Ago" ni rafiki yetu wa zamani kuliko tunavyofahamu, kwa kuwa asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kwenda zake, yaani ni "iliyopita" yetu hiyohiyo, na inakaa palepale tunapoiweka sisi, nyuma ya hesabu: miaka kumi iliyopita, "ten years ago". "Since" inataka mahali jambo lilipoanzia: "Gombe has been a national park since 1968." "For" inataka urefu wa muda: "for more than fifty years". Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na utafiti uliotokana na kazi yake umeendelea, hapo ndipo mnaposema "Researchers have studied the chimpanzees here since 1960." Msiseme "Researchers are studying here since 1960". Kosa hilo nimelisikia hata kwa walimu, na mimi mwenyewe sikuliacha mapema.

Habari ya MV Liemba inahitaji tahadhari zaidi. Meli hiyo iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isichukuliwe, ikakaa chini ya maji mpaka ilipoibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kufanya kazi kwa jina la Liemba. Kwa hiyo ukimwambia mgeni "It has sailed this lake since 1915", umeifuta miaka minane ya matope kwa neno moja. Sema "It was launched in 1915", kisha endelea na hadithi kwa "then", "later" na "eventually". Hilo la mwisho, "eventually", lina maana ya hatimaye, baada ya kuchelewa kwingi. Ni neno zuri sana kwa hadithi za usafiri wa kwetu.

Na mkisimulia habari ya Stanley na Livingstone, ambao walikutana hapahapa Ujiji mwaka 1871, msitaje tarehe kwa ujasiri uliopita kiasi. Stanley aliandika Novemba 10, wakati shajara ya Livingstone inaelekeza siku za mwisho wa Oktoba. Watu wawili wenye lugha moja walikutana mahali pamoja na hawakukubaliana ilikuwa siku gani. Basi semeni "in late 1871", mtakuwa salama.

Mama zangu wa biashara, neno lenu ni "by". Sisi tuna "mpaka", ambalo linabeba mambo mawili. "Nisubiri mpaka Ijumaa" ni "Wait for me until Friday": kusubiri kunaendelea hadi siku hiyo. "Nataka pesa yangu mpaka Ijumaa iwe imefika" ni "I want my money by Friday": inaweza kufika Jumanne, inaweza kufika Alhamisi, lakini isipite Ijumaa. Ukimwambia mnunuzi "Pay me until Friday", hajui unamtaka afanye nini. Tena ukisema "in two days", yeye anasikia zikishapita siku mbili. Ukitaka kusema ndani ya siku mbili, isizidi, tumia "within two days". Madumu ya mawese yameshaleta ugomvi kwa ajili ya tofauti hiyo, na waliogombana wote walikuwa waaminifu.

Nije sasa kwenye mazungumzo ya kawaida, ambako heshima na wakati hutembea pamoja. Mkikutana na mgeni saa moja jioni mnasema "Good evening". "Good night" ni neno la kuagana; ukimpokea mtu nalo, ni kama umemwambia lala salama wakati ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki. Mgeni akikwambia "See you later", usikae kumsubiri, kwa kuwa ameaga tu. Rafiki uliyepotezana naye usimwambie "You are lost", kwani atatoa ramani. "Umepotea sana" kwa Kiingereza ni "I haven't seen you for a long time". Na "pole" isigeuke "sorry" kila mara. Ukimwambia "Sorry" mtu aliyechoka na safari, anaweza kujibu kwamba si kosa lako. Mwulize "How was your journey?" na umsikilize, kusikiliza huko ndiyo pole yenyewe.

Neno "late" linahitaji onyo lake. Katika Kiingereza cha kwetu, mtu akisema "My father is late", wengi tunaelewa kwamba baba amefariki. Niliwahi kumsikia mhudumu mmoja akimwambia mgeni kutoka Uingereza sentensi hiyo kwa huzuni, naye mgeni akamjibu kwa uchangamfu kwamba bila shaka atafika tu. Marehemu baba yangu ni "my late father", neno likiwa limetangulia; "is late" kwake yeye ni amechelewa. Na "lately", ambayo inafanana nazo kwa sura, ni siku hizi za karibuni, haina uhusiano na msiba wala kuchelewa.

Wengi mtaniuliza juu ya "sasa hivi". Hili sina dawa yake. Fundi cherehani akikwambia sasa hivi, unajua uje Jumamosi. Kiingereza kina "right now" kwa jambo linalofanyika dakika hii, "just now" kwa lililofanyika dakika chache zilizopita, na "soon" kwa lijalo. Inafariji kidogo kufahamu kwamba "soon" nayo, katika Kiingereza cha kale, ilikuwa na maana ya mara moja, papo hapo, kisha ikalegea kadiri watu walivyoahidi na kuchelewa. Basi mgeni akikuuliza chakula kitakuwa tayari lini, usimwambie "soon" wala "now". Mpe namba: "in about forty minutes". Atafurahi zaidi kungoja dakika arobaini alizoambiwa kuliko kumi asizoambiwa.

Nimesema ya kutosha, na hadi sasa mimi ndiye pekee ninayezungumza Kiingereza humu ndani, jambo ambalo halitawafikisha popote. Naomba kila mwendesha boti akae na mama mmoja wa dagaa, kila mwongoza watalii akae na mhudumu mmoja, wasiojuana ikiwezekana. Mulizane maswali matatu: "Have you ever been to Gombe?", "How long have you been doing this work?" na "What time do you usually wake up?" Kwa lile la pili mjibu mara mbili, kwanza kwa "since", kisha kwa "for". Kwa lile la tatu, mkumbuke msafiri wangu wa Kibirizi. Wazee nanyi mnakaribishwa, msibaki kututazama. Saa yangu inasema ni saa tisa kasorobo. Tutarudi hapa mbele saa tisa na nusu, na atakayetangulia kunitajia nyakati hizo mbili kwa Kiingereza ndiye atakayeanza.